Ua wa Matunda ya Jemu

Kituo cha majani chai, Gesima
Alasiri

Kemunto mwanangu,

Asubuhi uliniona na panga kwenye ua wa matunda ya jemu. Ulitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, ukapiga kelele, "Baba! Umeingiwa na nini? Hiyo ua imekukosea nini?" Nikakujibu kwamba ng'ombe wa jirani anapita hapo, nataka kuweka seng'enge. Ulinitazama tu. Ng'ombe wa jirani ni mzee, hawezi kuruka hata kamba ya nguo. Ulijua nimedanganya. Ukarudi ndani, na tangu hapo hujasema nami neno, na kesho alfajiri unapanda basi kwenda Nairobi.

Nakuandikia nikiwa kituoni, nimekalia kikapu nilichokipindua. Lori halijafika. Mvua ya jana imeharibu barabara upande wa Nyaramba, na sisi wote tuko hapa na majani yetu kama wageni wa arusi ambayo bwana arusi hajatokea. Wewe unajua majani yakirundikwa yanapata joto na kuharibika, kwa hiyo kila baada ya muda nainuka kuyageuza. Lakini nisikudanganye mara mbili kwa siku moja. Hata kama nisingekuwa na majani, leo nisingekaa kitako. Tangu juzi miguu yangu inatembea yenyewe.

Mambo ya blanketi, ya watu wa mjini, ya kuamka mapema, mama yako amekwambia yote, na shangazi yako ameongeza mengine aliyoyatunga mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu. Ni habari ya uvimbe ulio kwenye titi la mama yako.

Haya, nimeandika, na kalamu haikuvunjika.

Unajua kwa nini siwezi kukuambia haya kwa mdomo. Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za mwili, sembuse mwili wa mama yake. Chinsoni zinakataza, ile heshima yenye aibu ndani yake iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Kwa Ekegusii maneno haya yangenikwama kooni. Kwa Kiswahili, lugha niliyoikuta jikoni kwa mzungu kule Nyansiongo na baadaye kanisani, nayashika kama mtu anayeshika kaa la moto kwa koleo. Ndiyo maana unapata barua ya Kiswahili kutoka kwa mtu mnayelala naye boma moja.

Desturi yenyewe ina njia ya kuzunguka. Ningemtuma shangazi yako aje akuambie. Lakini shangazi yako alikuja juzi na sufuria yake, akachuma matunda mpaka yale mabichi, akasema, "Na mimi wacha nijikinge na hiyo kansa, nyinyi mkijikinga peke yenu mtamzika nani kama si mimi?" Mtu huyo nimtume vipi?

Ngoja nigeuze majani.

Nimerudi. Mzee Ondieki ananiuliza kama naiandikia serikali, maana hajawahi kuona mkulima akiandika bila kupigwa faini. Nimemwambia namwandikia mtu mkubwa kuliko serikali. Amecheka, ameondoka.

Kemunto, tuanze na bibi yako, kwa sababu najua wewe ulianza naye. Watu wanakuuliza kwa nini unakwenda kusomea mimea badala ya ualimu, unawajibu kwamba unapenda mimea. Mimi najua ni magokoro, huyo bibi yako. Mimi na wewe hatujawahi kulizungumza, lakini sote wawili tulikuwapo.

Kabla ya uhuru nilikuwa mpishi msaidizi kwa mzungu. Memsahib alikuwa na mistari ya matunda haya nyuma ya nyumba, meusi, ya miiba, na kila msimu tuliyachemsha na sukari mpaka vidole vyangu vikawa vya rangi ya zambarau na havitakati hata kwa majivu. Mwisho wa mwezi nilikuja nyumbani na mkebe uliojaa. Mama yangu aliyapenda kuliko nyama. Memsahib alipofungasha vitu arudi kwao, alituambia tuchukue tunachotaka. Wenzangu walichukua sufuria, mapazia, mmoja akachukua mpaka kitasa cha mlango. Mimi nikachimba fito za matunda. Walinicheka njia nzima. Nikazipanda hapa nyumbani kama ua, kwa ajili ya mama yangu, na huo ndio ua nilioukata asubuhi.

Mwaka uliofuata uhuru nilimwona anavuna wimbi kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, "Mama, mkono una nini?" Akanijibu, "Umechoka tu. Wako haujachoka kwa kupikia wazungu?" Tukacheka. Nilikishukuru kile kicheko, kwa sababu kilinipa njia ya kuondoka. Nilijua kuna kitu. Alianza kujifunga leso kifuani hata kwenye jua kali. Alianza kukaa mbali nasi wakati wa kula. Lakini mwana hamuulizi mama yake habari za kifua chake, na mama hamwambii mwanawe. Basi mimi nikawa namletea bakuli la matunda kila jioni. Naye anayala, anayasifu. Nilidhani namtunza.

Kati ya bibi na mjukuu hakuna chinsoni. Mlitaniana, mlilala chumba kimoja, mliambiana yote. Ulikuwa na miaka tisa, ukawa unaponda matunda kwa kijiko na kumpaka pale palipopasuka, kwa sababu alikuambia yanampoza. Alikuambia usimwambie baba. Hukuniambia. Ulijua kabla yangu, mwanangu, na uliubeba mzigo ule ukiwa mtoto ambaye hata ndoo ya maji haimpandi kichwani vizuri.

Sikulaumu. Naomba usome mstari huu mara mbili. Mtoto wa miaka tisa hakosei kwa kumtii bibi yake. Mtu mzima katika boma lile nilikuwa mimi. Tulipomfikisha hospitali, daktari aliniuliza, "Hii imeanza lini?" Nikasema sijui. Mwana wake wa pekee, mlango wangu ukitazamana na wake, nikasema sijui. Hilo neno halijawahi kuniacha. Naweza kuwa napogoa chai, au nakunywa uji, nikalisikia tena kwa sauti yangu mwenyewe.

Matangani watu walisema yale matunda yalimwongezea siku. Nilipenda kusikia hivyo, nikawaacha waseme, na wewe ulikuwa umekaa pale na masikio yako makubwa. Ukweli ni kwamba alikuwa akiyala wakati ugali haupiti, na siku alizoyala alikuwa na nguvu ya kunisuta. Hilo nililiona. Zaidi ya hilo sijui.

Sasa nije kwa mama yako. Aliniambia mwenyewe, tukiwa shambani, bila kunitazama. Nikampeleka zahanati. Sista akamshika, akasema, "Mama, hii si ya kukaa nayo. Enda hospitali kubwa Kisii, watoe kipande kidogo wapime. Na usichelewe." Nilirudi nyumbani nikijua la kufanya, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kumbe mama yako alikuwa amekwisha kukuambia wewe, na wewe ulikuwa umekwisha kumpa jibu lako.

Ulimwambia asikubali kukatwa haraka. Ulimwambia ale matunda kila siku, kwani ile rangi nyeusi ina kitu kinachozuia kansa, na ukirudi Disemba utakuwa umejua zaidi. Ameniambia neno kwa neno. Anayarudia kama aya ya kukariri ya Shule ya Sabato.

Najua ulikoyatoa. Wewe mwenyewe ulitueleza hapa mezani. Ulisema mwalimu wako wa bayolojia amewafundisha kwamba kansa ni chembe za mwili zilizosahau kuacha kuzaana. Na kwamba ile rangi ya tunda si urembo, mmea unaitengeneza ujikinge na jua na wadudu, na labda ikiingia mwilini mwa mtu inaweza kumkinga pia. Kisha ukanigeukia mimi, macho yanawaka: "Baba, kama ua ya pareto iko na sumu ya kuua viroboto, kwa nini tunda isikuwe na kitu ya kuzuia kansa?" Nilijivuna, Kemunto. Nilimtazama mama yako kana kwamba swali lile nimeliuliza mimi.

Lakini mwalimu alisema labda. Nilimsikia kupitia kwako, ulisema labda. Neno lile lilitoka shuleni likiwa labda, likapanda kilima hiki likiwa labda, na lilipofika jikoni kwa mama yako likawa ndiyo. Sijui lilibadilikia wapi. Nafikiri lilibadilika kwa sababu unampenda, na kwa sababu wewe bado una kile kijiko mkononi.

Hebu irudie hoja yako ya pareto, maana ni nzuri. Umechuma pareto tangu ukiwa mdogo. Uliwahi kumwona kiroboto amekufa kwa kupita shambani? Tunachuma maua, tunayakausha, yanakwenda kiwandani. Huko wanakamua kilichomo, wanapima, wanajaribu, wanamwaga, wanaanza upya. Ndipo inakuwa dawa ya kunyunyiza. Kati ya ua na dawa pana safari ndefu, na wewe ndiyo kwanza unapanda basi. Nenda ukaitafute hiyo safari. Huenda kweli dawa imo kwenye yale matunda. Huenda watu wanaoyala tangu utotoni wanaugua kidogo kuliko wengine. Nikiwa hai ukanijia na jibu hilo nitachinja. Lakini mama yako hawezi kukaa kando ya barabara akingoja wewe urudi nalo.

Na hata ukilipata, litakuwa jibu la kinga. Kinga ni bora kuliko tiba, wanasema, na ni kweli, ila kinga haigeuki tiba kwa kuwa tumeipenda. Sisi ni wakulima. Ua humzuia ng'ombe aliye nje. Aliyekwisha kuingia kwenye mahindi, ukiongeza miiba unamfungia ndani ashibe vizuri. Lazima mtu aingie na fimbo amtoe.

Lori bado. Nimegeuza majani mara nyingi mpaka Mzee Ondieki anasema nayabembeleza.

Basi jana jioni nilimwambia mama yako twende hospitali. Akasema, "Kemunto amesoma. Wewe umesoma nini?" Nikapandisha sauti. Yeye akachukua bakuli la matunda, akaketi mbele yangu, akala moja moja, akinitazama machoni mpaka likaisha. Unamjua. Mtu yule angekuwa lango, hata chifu asingepita. Asubuhi nikaamka na panga, kwa akili ya mtu aliyelala vibaya, nikawaza kwamba matunda yakiisha na sababu itaisha. Hasira hasara. Nilikata kipande, miiba ikanichana mkono, ndipo nikaona nakata fito zile zile alizokuwa akichuma mama yangu akiwa amekaa kwenye kigoda, siku ambazo hakuweza kusimama. Na wewe ukawa umesimama nyuma yangu na mikono ya unga.

Kwa hiyo hujaniona nikiwa na wazimu. Umemwona mtu aliyeogopa. Naogopa, Kemunto. Naogopa watakachokiona hospitali, naogopa zaidi tusipokwenda, na naogopa daktari mwingine aniulize imeanza lini. Safari hii najua imeanza lini. Jibu hilo ninalo, na sitaki liozee mfukoni.

Mimi hanisikii. Wewe anakusikia. Kabla ya kulala, keti naye jikoni, umwambie wewe mwenyewe kwamba lile la matunda ulilisema mbio kuliko unavyolijua. Najua ni chungu. Utaona aibu, maana unaondoka kesho kwenda kusoma jambo hilo hilo, na unaanza kwa kusema sijui. Lakini huko uendako nafikiri watu wa maana ndivyo wanavyoanza. Mimi nililisema nikiwa nimechelewa, mbele ya shuka la hospitali. Wewe unalisema mapema, mtu bado anatembea, bado anagombana na mimi, bado anakula bakuli zima kwa jeuri.

Usimwambie matunda hayana kitu. Hilo nalo hulijui. Mwambie aendelee kuyala, tena yamsaidie kupata nguvu, na aende akapimwe. Mambo hayo mawili hayagombani. Sisi ndio tuliyagombanisha.

Na usije ukaniambia unaahirisha safari ubaki kumtunza. Najua hilo wazo limekwisha kukupitia, maana limenipitia na mimi. Ukibaki atakula matunda na kukutazama, na wote wawili mtangoja. Nenda. Yale uliyomfanyia magokoro ukiwa na miaka tisa yanatosha kwa mtoto mmoja.

Jambo lingine, halafu niache, maana nasikia injini kule chini na vijana wameanza kukimbilia vikapu. Ikiwa siku moja kitu kitaota kwenye mwili wako wewe, ukiwa huko, usimwogope mtu wala usiogope chinsoni. Niandikie. Lolote litakalokukwama kwa lugha yetu, niandikie kwa Kiswahili, nami nitalisoma kwa Kiswahili, na hakuna atakayekuwa amemwaibisha mwenzake.

Ni lori kweli. Naandika nimesimama.

Fito nilizokata sikuzitupa. Nimezifunga kwa majani ya mgomba yenye maji, utazikuta kando ya sanduku lako. Zinashika mizizi haraka, nazijua. Zipande huko kwenye shule yenu, uzikamue, uzipime, uzifanyie lile linalofanywa. Ukipata labda, niletee labda. Usiiongeze chumvi njiani.

Barua hii nitakupa mkononi nikifika, kisha nitaondoka haraka kama mtu aliyekumbuka mbuzi. Usinicheke, wala usinijibu kwa mdomo, sitajua niweke wapi uso wangu. Nimemwambia kondakta atuwekee nafasi tatu. Moja ni yako mpaka Nairobi. Mbili ni za kushukia Kisii mjini, karibu na hospitali. Yangu nitaikalia nikienda na mtu au nikienda peke yangu kumwomba daktari aje huku, japo najua atanicheka.

Viatu vyangu nimekwisha kuvipiga rangi, viko nje ya mlango. Mama yako akikubali, chukua vile vyake vya Sabato uviweke kando ya vyangu. Sitauliza mlisema nini. Kabla jogoo hajawika nitafungua mlango nitazame chini.

Baba yako, aliyekata ua leo na atakayeupanda tena